Kanuni Haiamrishi Mbinu, Hubadili Hesabu Yake

Mtu anayetunga kanuni ya mchezo hudhani kwamba amekwisha kazi. Kwa hakika kazi ndiyo kwanza inaanza, maana siku ile ile kanuni inapotangazwa, makocha na wachezaji huanza kuitafutia upenyo. Baada ya miaka michache mchezo huonekana umekuwa kitu kingine kabisa, ingawa hakuna neno hata moja lililofutwa katika kitabu cha kanuni. Hapo ndipo mabishano huzuka: je, kanuni ibadilishwe, au mchezo uachwe ulivyo?

Mabishano hayo yalipamba moto nchini Marekani mwaka 2023, pale ligi kuu ya besiboli ilipobadili kanuni kadhaa kwa mkupuo mmoja. Naandika makala haya kwa sababu naamini kwamba wengi wa waliobishana, wa upande huu na wa upande ule, hawakuuliza swali linalostahili.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo huu, maelezo mafupi yatatosha. Timu mbili hupokezana kupiga na kulinda, zamu 9 kila moja. Mrushaji husimama juu ya tuta dogo katikati ya kiwanja na kumrushia mpira mpigaji aliye umbali wa mita 18.44, naye hujaribu kuupiga kwa gongo la mbao. Akifaulu hukimbilia kituo cha kwanza, kisha cha pili na cha tatu, na akirudi salama pale alipoanzia timu yake hupata pointi 1. Akikosa mara 3 hutolewa, na wakitolewa wachezaji 3 zamu ya timu yake kupiga hukoma. Mkimbiaji aliye katika kituo cha kwanza aweza kuchomoka kwenda cha pili wakati mrushaji anaporusha mpira. Tendo hilo huitwa kuiba kituo, na ndilo litakalotupatia mfano bora katika mjadala huu.

Mchezo haukushuka kutoka mbinguni

Wapo wanaosema kwamba kubadili kanuni ni kuvunja mila. Historia haikubaliani nao. Mwaka 1893 mrushaji alisogezwa nyuma hadi umbali huo wa mita 18.44 kwa kuwa alikuwa amewalemea wapigaji. Mwaka 1920 warushaji walikatazwa kuupaka mpira mate, isipokuwa wachache waliokwisha kuizoea kazi hiyo. Mwaka 1968 warushaji walitawala tena kiasi kwamba wastani wa kupiga katika ligi nzima ulishuka hadi 0.237, na Bob Gibson wa St. Louis aliwaruhusu wapinzani pointi 1.12 tu kwa kila zamu 9. Mwaka uliofuata tuta la mrushaji lilipunguzwa kimo kutoka sentimita 38 hadi 25, na eneo la kuhesabia mipira halali likafinywa. Wastani wa kupiga ulipanda hadi 0.248.

Msomaji aliyezoea kandanda atatambua jambo hili mara moja. Mwaka 1925 kanuni ya kuotea ilipolegezwa, magoli katika daraja la kwanza la Uingereza yalipanda kutoka 1,192 hadi 1,703 katika msimu mmoja, na vilabu vikajibu kwa kumrudisha nyuma mchezaji wa kiungo cha kati ili awe mlinzi. Kanuni hupiga hatua, na mbinu nayo hupiga yake.

Hesabu iliyoingia uwanjani

Mwaka 1963 Mkanada George Lindsey, mwanasayansi wa utafiti wa mambo ya ulinzi, alichapisha makala kuhusu mbinu za besiboli. Alitumia kumbukumbu za mamia ya michezo ambazo baba yake alikuwa amezikusanya kwa subira kubwa. Aliuliza swali jepesi: timu ikiwa katika hali fulani, hutarajia kupata pointi ngapi kwa wastani kabla zamu haijakwisha? Kwa jibu hilo aliweza kuzipima desturi za makocha. Kwa mfano, ilikuwa desturi mpigaji ajitoe mhanga kwa kuugusa mpira kidogo tu, atolewe yeye, ili mwenzake asogee kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili. Lindsey alionyesha kwamba kabla ya kitendo hicho timu ilitarajia takriban pointi 0.8, na baada yake ilitarajia chini ya 0.7. Desturi iliyosifiwa kuwa ni busara ilikuwa, aghalabu, hasara.

Makocha hawakuyapokea mafunzo hayo upesi. Lakini kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 maandishi ya Bill James yaliwafikia mashabiki wengi, na mwaka 2002 klabu ya Oakland, iliyokuwa miongoni mwa zile zenye mishahara midogo, ilishinda michezo 103 kwa kufuata njia ya takwimu. Baada ya hapo hakuna klabu iliyothubutu kubaki nyuma.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Klabu zote zilipofanya hesabu ile ile zilifikia jawabu lile lile. Mrushaji arushe kwa nguvu zake zote. Mpigaji apige kwa nguvu zake zote, avushe mpira juu ya uzio, na asione haya akikosa. Mkimbiaji atulie katika kituo chake. Mwaka 2018, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi hiyo, wapigaji waliotolewa kwa kukosa mara 3 walikuwa wengi kuliko mapigo yaliyofaulu. Mwaka 2021 mchezo wa zamu 9 ulichukua kwa wastani saa 3 na dakika 10. Hakuna aliyekosea hesabu. Kila mmoja alitenda la busara, na jumla ya busara hizo ikawa mchezo wenye mwendo mchache.

Kilichotendeka mwaka 2023

Ligi iliingiza mambo manne. Kwanza, mrushaji alipewa sekunde 15 za kurusha iwapo vituo ni vitupu, na 20 iwapo pana mkimbiaji. Hizo 20 zilipunguzwa kuwa 18 mwaka 2024. Pili, mrushaji aliruhusiwa kuacha kurusha ili kumtishia mkimbiaji mara 2 tu kwa kila mpigaji. Akijaribu mara ya tatu asimtoe, mkimbiaji hupewa kituo kinachofuata bure. Tatu, vituo vilipanuliwa kutoka sentimita 38 kila upande hadi 46 hivi, na njia ya kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili ikapungua kwa sentimita 11. Nne, walinzi wa ndani walikatazwa kujikusanya upande mmoja wa kiwanja.

Sasa natufanye hesabu ya wizi wa kituo. Kwa makadirio ya siku hizi, timu yenye mkimbiaji katika kituo cha kwanza bila mtu kutolewa hutarajia takriban pointi 0.9. Akiiba kituo cha pili, matarajio hupanda hadi 1.1. Akikamatwa, hushuka hadi 0.3. Faida, basi, ni 0.2 na hasara ni 0.6. Yaani mtu hana budi kufaulu mara 3 ndipo alipie kushindwa mara 1, ambayo ni asilimia 75. Mwaka 2022 wakimbiaji walifaulu kwa takriban asilimia 75 hasa. Walikuwa wamesimama kwenye ncha ya mizani, wala haikuwa ajabu makocha wengi wakisema afadhali mtu atulie. Mwaka 2023 kiwango cha kufaulu kilifika asilimia 80, na idadi ya vituo vilivyoibwa ikaruka kutoka 2,486 hadi 3,503.

Tazama, msomaji, hakuna kanuni iliyosema: "Kimbieni." Sentimita chache na vitisho viwili viliinamisha mizani kidogo tu, na watu wale wale, kwa busara ile ile, wakaanza kukimbia. Hii ndiyo hoja yangu. Kanuni njema haimwamrishi mchezaji namna ya kufikiri. Hubadili thamani ya mambo anayoyachagua, kisha humwachia uhuru wa kuchagua.

Hoja ya mzee

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Marekani, mwenye nyumba niliyopanga alikuwa mzee aliyefuatilia kila mchezo kwa redio, penseli mkononi, akiandika kila tukio katika daftari. Ndiye aliyenifundisha mchezo huu. Saa ilipoingizwa aliniandikia kwa uchungu kwamba uzuri wa besiboli ulikuwa kutotawaliwa na saa, na kwamba ukimya wa kabla ya mpira kurushwa ndio uliokuwa moyo wake.

Hoja hiyo naiheshimu, lakini siikubali. Sehemu kubwa ya ukimya ule haikuwa tafakuri. Ilikuwa mapumziko ya mrushaji ili arushe tena kwa nguvu zote, na ya mpigaji kufunga upya glavu zake. Katika miaka ya 1970, mzee huyo alipokuwa kijana, mchezo ulichukua takriban saa 2 na nusu. Mwaka 2023 ulichukua takriban saa 2 na dakika 40. Saa haikuuondoa mchezo wa ujana wake, bali iliusogeza karibu naye.

Ninapotofautiana na watunga kanuni

Kanuni ya nne, ile ya kuwapanga walinzi, siiungi mkono. Mwaka 1946 Lou Boudreau, kiongozi wa timu ya Cleveland, aliwahamishia walinzi wake karibu wote upande wa kulia ili kumzuia Ted Williams. Lilikuwa wazo la kijasiri lenye gharama iliyo dhahiri, kwani upande wa pili ulibaki wazi. Kulipiga marufuku wazo la namna hiyo ni kumwadhibu aliyefikiri. Wanaoitetea kanuni hiyo husema kwamba si rahisi mpigaji kuuelekeza mpira wenye kasi ya kilomita 150 kwa saa, na hilo ni kweli. Lakini basi dawa itafutwe katika kasi hiyo, si katika kumfunga mlinzi miguu.

Tena faida yenyewe ni ndogo. Wastani wa kupiga ulipanda kutoka 0.243 hadi 0.248 tu, na kwa kuwa mambo manne yaliingizwa pamoja, ni shida kutenganisha sehemu iliyoletwa na kila moja. Mwanafunzi wangu akibadili vitu vinne katika jaribio moja, humrudisha maabara.

Deni lililobaki

Jambo zito zaidi ni mikono ya warushaji. Kasi ya wastani ya mipira ya nguvu ilipanda kutoka kilomita 147 hivi kwa saa mwaka 2008 hadi zaidi ya 151 mwaka 2024. Mwaka huo chama cha wachezaji kililaumu kupunguzwa kwa sekunde, ilhali ripoti ya ligi iliyotolewa mwezi Desemba ililaumu hasa tamaa ya kasi na ya kuuzungusha mpira. Vyovyote iwavyo, hesabu ya sasa humlipa kijana anayejichosha kwa nguvu zote katika zamu chache, kisha humbadilisha kwa mwingine. Anayelipia ni kiwiko chake.

Hapa nasihi yasitungwe makatazo. Klabu huruhusiwa warushaji 13 kati ya wachezaji 26. Idadi hiyo ipunguzwe polepole, ili mrushaji anayeweza kudumu kwa zamu nyingi awe na thamani kuliko yule wa nguvu za dakika chache. Lakini kwanza jambo hilo lijaribiwe katika ligi ndogo, peke yake, kwa misimu kadhaa, na majeraha yahesabiwe. Saa ya kurushia ilijaribiwa hivyo kwa miaka kadhaa, na utaratibu wa kukata rufani kwa mitambo dhidi ya uamuzi wa mwamuzi ulipitia huko kabla ya kupitishwa kwa msimu wa 2026. Mpira uliorushwa vibaya huokotwa ukarushwa tena. Kiwiko kilichokatika kano hakina zamu ya pili ya uhakika, na ndiyo maana pendekezo langu lenyewe lisiaminiwe mpaka lipimwe.