Kuuliza Si Kurudi Nyuma

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Lakini miongoni mwetu tuliookoka, msemo huu umekuwa kama haramu. Mwanafunzi akiuliza kwa nini mgonjwa aliyeombewa jana anazikwa leo, utasikia minong'ono: "Huyo amerudi nyuma!" Mimi nashikilia kwamba anayeuliza hajarudi popote. Pengine yeye ndiye anayetaka kwenda mbele akiwa macho.

Sisi wa Eastlands tunalijua jambo hili vizuri. Kuanzia Jericho na Makadara hadi Umoja, Kayole na Dandora, makanisa yamejipanga kama vibanda vya sukuma wiki. Mengine ni ya mawe, mengine ni mabati na hema tu. Jumapili vipaza sauti vya kanisa hili hushindana na vya jirani, hata usijue ni nani anayekemewa, shetani au kanisa la pili. Kelele silaumu. Katika makanisa hayo hayo watu wamechangiwa gharama za mazishi, vijana wameacha chang'aa, na akina mama walioachwa na waume wao wamepata watu wa kuwaita dada. Anayesema yote ni utapeli hajaishi mtaani.

Ila kuna kitu kinaitwa "kupanda mbegu". Kwetu nyumbani mama alipanda. Zilikuwa pesa za karo ya muhula wa pili, na mhubiri (jina silitaji) aliahidi kwamba zingerudi mara mia kabla ya mwezi kwisha. Mwezi ukaisha. Nikamwuliza mzee mmoja wa kanisa, kwa heshima zote, hesabu hiyo inakwendaje. Jamani, aliniwekea mkono kichwani akaanza kukemea roho ya shaka! Nilikaa nyumbani wiki 3. Mama hakulia mbele yetu. Aliuza cherehani yake, nikarudi shuleni. Tangu hapo nikashindwa kuomba. Nikipiga magoti naiona cherehani.

Mtaani wengi waliofika hapo huona njia mbili tu: kumeza kila kitu au kutema kila kitu. Aliyenionyesha nyingine ni nyanya yangu, ambaye ni mmoja wa Ndugu wa Uamsho. Uamsho ule ulipamba moto Gahini, Rwanda, na huko Uganda katika miaka ya 1930, ukafika Kabete mwaka 1937. Waliookoka walikutana na kutubu hadharani. Waliita jambo hilo kutembea nuruni. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa mwaka 1952, baadhi yao walikataa kiapo cha Mau Mau, wakakataa vilevile kubeba bunduki za serikali, na wako waliouawa. Nilipomweleza nyanya habari za mbegu, alicheka mpaka akashika mbavu. "Sisi tulipeleka dhambi zetu mkutanoni," akasema. "Siku hizi mnapeleka pesa mkachukue pesa?" Kisha akaniambia nisome mwenyewe.

Nikasoma. Ayubu anamlalamikia Mungu sura baada ya sura. Habakuki anaanza kitabu chake kwa maswali. Tomaso alitaka kuona alama za misumari, wala hakufukuzwa. Lakini walionishangaza zaidi ni watu wa Beroya, katika Matendo 17. Walipekua maandiko kila siku waone kama maneno ya Paulo ni kweli, nao wakasifiwa kwa hilo! Ikiwa Paulo mtume alipekuliwa, mhubiri wa Jogoo Road ni nani?

Tena si mambo ya pesa tu. Kuanzia Aprili 2023, zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, za watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Watoto walikuwemo. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani, naye akakana mashtaka. Hebu fikiria, ni maswali mangapi yaliyozimwa kabla kaburi la kwanza halijachimbwa?

Kuna watakaosema kwamba maswali mengi huua imani. Ni kweli, sehemu ya imani yangu imekufa. Siamini tena kwamba maskini ni mtu asiyeomba vya kutosha. Siamini kwamba mtumishi wa Mungu haulizwi risiti. Iliyobaki ni ndogo, lakini ninaijua. Nimerudi kuomba, maombi mafupi. Naenda kanisa jingine na kukaa nyuma. Mama bado yuko kule kule, na kwa jambo hili hatujakubaliana.

Basi napendekeza chama chetu cha Wakristo hapa shuleni kitenge Ijumaa moja kila muhula iwe ya maswali tu, na mwalimu wa somo la Dini aalikwe. Asiyetaka kusimama mbele ya watu aandike swali lake kwenye karatasi bila jina. Viongozi wasipojua jibu waseme hawajui. La kwangu nimeshaliandika.