Tairi linaposugua na watoto wamekaa nyuma

Sauti yenyewe ni ndogo: krrr, krrr, gari linapovuka tuta au kuangukia kwenye shimo. Dereva akiwa peke yake haisikiki. Wakipanda watoto wawili na shangazi yao kiti cha nyuma, na buti likajaa mabegi ya safari ya kijijini, inaanza. Kijana mwenye gari hujibu haraka, "Mama, ni plastiki tu hiyo," kisha muziki unaongezwa.

Huenda ni plastiki kweli. Huenda pia ni ukingo wa bati la madigadi, ambao ni mkali na unakata ubavu wa tairi kidogo kidogo. Ubavu ndio upande mwembamba wa tairi, na hauzibwi kiraka kama pancha ya msumari. Ukipasuka gari likiwa kwenye mwendo wa barabara kuu, dereva hana muda wa kutafuta kosa lilikuwa wapi.

Altezza, Impreza na Mark X zilizoshushwa na kuvalishwa rimu pana zimekuwa fahari ya vijana wengi mjini, na baadhi ya vijana hao sasa ni akina baba. Kumwambia mtu wa namna hiyo "acha uhuni" hakusaidii kitu, maana mara nyingi gari hilo ndilo kitu kikubwa cha kwanza alichonunua kwa jasho lake. Linalosaidia ni kumtaka alipime likiwa limebeba familia, si likiwa limeegeshwa tupu kwa ajili ya picha.

Kipimo chake ni chaki ya ubaoni tu. Pakwa chaki kwenye mabega na mbavu za tairi zote nne, watu wazima wakae nyuma, gari lizungushwe polepole uwanjani usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, halafu livushwe tuta. Chaki inapofutika ndipo panaposugua. Tairi la mbele likifutika wakati wa kukata kona, mara nyingi linagusa plastiki ya ndani ya madigadi. La nyuma likifutika kwenye tuta, mara nyingi ni ule ukingo wa bati.

Chanzo kikubwa, zaidi hata ya kushusha gari, ni rimu yenyewe. Rimu nyingi zina herufi ET na namba. ET50 maana yake uso unaofungwa kwenye habu uko milimita 50 nje ya katikati ya upana wa rimu. Namba ikishuka, tairi linasogea nje. Gari lililotoka kiwandani na rimu ya inchi 7 yenye ET50, likifungwa rimu ya inchi 8.5 yenye ET30, linapata milimita 19 za nje kwa sababu ya upana na nyingine 20 kwa sababu ya ET. Jumla ni milimita 39, karibu sentimita 4 kuelekea kwenye bati. Dukani wengi hawaifanyi hesabu hii. Wanatazama kama matundu ya nati yanaingia, basi.

Kwa hiyo matengenezo yaanzie kwenye kilicho rahisi. Kama kuna spesa nyuma ya rimu, zitolewe. Kama springi ni za kurekebishwa urefu, gari linyanyuliwe sentimita moja au mbili, na hapo kelele nyingi huisha. Tairi nalo linaweza kubadilishwa: kutoka 225/45R17 kwenda 215/45R17 kunapunguza milimita 10 za upana, na tairi linakuwa fupi kwa takribani milimita 4.5 kutoka katikati hadi chini. Hapo namba inayofuata saizi itazamwe. 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 87 ni kilo 545. Gari la kubeba familia lisipewe tairi lenye uwezo ulio chini ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Fundi wa bodi anaweza pia kuukunja ukingo wa madigadi kwa ndani. Kazi hiyo hutaka rangi ipashwe joto kwanza isipasuke, na baada yake ukingo upakwe rangi upya. Kwa miji ya pwani bati lililo wazi halikawii kushika kutu. Plastiki ya ndani inaweza kukatwa kidogo, ila fundi aangalie kwanza nyaya na mpira wa breki unaopita hapo. Wapo wanaolaza tairi kichwa kiingie ndani. Huleta nafasi kweli, lakini tairi huliwa upande wa ndani, mahali ambapo mtu haoni bila kuinama.

Springi zilizokatwa kwa grainda ni habari nyingine kabisa. Springi iliyokatwa inaweza kuhama kwenye kikalio chake tairi linaponing'inia juu ya shimo. Hiyo hairekebishwi, inatolewa na kuwekwa springi nzima, hata kama gari litapanda juu na kijana akanuna wiki nzima.

Tairi lenye uvimbe, au lililoliwa hadi nyuzi zikaonekana, libadilishwe kabla ya safari. Baada ya kazi yote gari lipelekwe alaimenti, na nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Buti nalo lifunguliwe: nati za rimu mpya huenda zisikae kwenye tairi la akiba lililokuja na gari, na zile za zamani mara nyingi zimebaki kwenye mkebe gereji. Zirudishwe ndani ya gari pamoja na jeki.