Tuanzie Kitaluni

Makala nyingi zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili ni za dawa: ipi inamuua haraka psilidi, mdudu anayeeneza HLB, ugonjwa wa bakteria wa michungwa, ipulizwe mara ngapi, na je, nasi tuidunge michungwa antibiotiki kwenye shina kama Florida? Tumechapisha mbili, zimeandikwa kwa uangalifu. Lakini mwelekeo wa mjadala wenyewe siukubali.

Florida waliruhusu sindano za oksitetrasaiklini mwaka 2022, mashamba yakiwa yamekwisha kuangamia. Msimu wa 2003/04 walivuna masanduku milioni 242 ya machungwa. HLB ikathibitishwa 2005. Msimu wa 2023/24 hawakufikisha milioni 20. Sindano humpunguzia mgonjwa makali, hazimponyi, na ni lazima zirudiwe. Mkulima wa Muheza, Tanga, anayeuza kwa tenga, kwa bei anayopangiwa na dalali, atazilipia kwa fedha gani?

Kinachosahaulika ni mche. Psilidi huruka kutoka shamba hadi shamba. Mche hupakiwa kwenye basi asubuhi, na jioni uko mkoa mwingine. Kikonyo kikikatwa kwenye mti mgonjwa na kubebeshwa juu ya limau kali, bakteria tayari wamo. Miezi itapita, pengine miaka, kabla ya jani kuonyesha mabaka, na mnunuzi ataapa kwamba alinunua mche mzima. Vitalu vyetu vingi viko wazi kando ya barabara, vinamwagiliwa na kuchipua mwaka mzima, na psilidi hutaga kwenye machipukizi machanga. Tunamfuga wenyewe.

Zamani tulivumilia hali hiyo kwa sababu psilidi wa Kiafrika hastahimili joto, akabaki nyanda za juu. Psilidi wa Asia, aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2016 na baadaye pwani ya Kenya, joto la Tanga halimzuii.

São Paulo, Brazili, waliagiza miche yote ya jamii ya michungwa ikuzwe ndani ya nyumba za wavu tangu 2003, mwaka mmoja kabla ya HLB kuonekana kwao. Ugonjwa haukukoma: mwaka 2024 zaidi ya asilimia 44 ya michungwa ya ukanda wao mkuu ilikuwa na dalili. Lakini anayepanda upya kule huanza na mche safi. Wetu huanza kwa kubahatisha.

Makala ya nyigu Tamarixia, adui wa psilidi, na ushindi wa kisiwa cha Réunion isomwe yote. Ile ya kutofautisha HLB na upungufu wa zinki ibandikwe katika ofisi ya kila bwana shamba.

Kwa TPHPA na KEPHIS, mamlaka za afya ya mimea za Tanzania na Kenya, ombi langu ni miti mama iliyopimwa kwa kipimo cha vinasaba cha PCR, itunzwe ndani ya wavu, na vikonyo vyake viuzwe kwa bei ambayo mwenye kitalu mdogo ataimudu. Huyo asifukuzwe barabarani. Asaidiwe kupata wavu. Nawe mwenye kitalu unayesoma hapa, usikate kikonyo kwenye mti ambao haujapimwa.