Kemia Isiyoonekana na Umeme Unaoifichua

Mtake mwanafunzi wa kidato cha nne, awe wa Imenti au wa Runyenjes, afasili kasi ya mmenyuko wa kikemia, naye atakukaririria fasili ya Kiingereza bila kusita. Kisha muulize ni kitu gani hasa kinachokwenda kasi humo chupani. Atakutazama kimya. Mimi ni mtu wa isimu, si mkemia. Hata hivyo kimya hicho chanihusu, kwa kuwa ni kimya cha maneno yaliyokaririwa pasipo maana kuingia akilini.

Lawama si ya mwanafunzi. Jaribio alilozoea ni lile la thaiosalfeti na asidi: msalaba huchorwa karatasini, bika huwekwa juu yake, salfa huutia mchanganyiko ukungu, na saa husimamishwa msalaba unapotoweka. Ni jaribio zuri, lakini latupa tarakimu moja tu ya mwisho. Yaliyotukia njiani hayajulikani. Isitoshe, mimenyuko mingi haina ukungu, rangi wala povu. Hiyo nayo tuipimeje?

Jibu limo katika umeme. Chukua myeyusho mwepesi wa sodiamu haidroksaidi, ile dawa kali ipikiwayo sabuni, uuchanganye na ethaili asiteti. Macho hayaoni badiliko lolote. Lakini humo ndani ioni za haidroksaidi zinatumika, na mahali pake panashikwa na ioni za asiteti, ambazo uwezo wake wa kupitisha umeme ni kama sehemu moja kwa tano ya zile za kwanza. Basi kadiri mmenyuko unavyoendelea, ndivyo upitishaji wa umeme unavyopungua. Mwanafunzi akiandika kipimo kila dakika, grafu yake itashuka kwa nguvu mwanzoni, kisha italegea. Hiyo ndiyo kasi, sasa ameiona.

Katika mtaala wa 8-4-4, umeme katika miyeyusho ulifundishwa kidato cha pili, na kasi ya mimenyuko kidato cha nne. Mada hizo mbili ni ndugu wasiokutanishwa. Mtaala wa umilisi, unaosisitiza kutenda, hauna udhuru wa kuendelea kuzitenga.

Kweli, betri na balbu havitoshi, kwani mkondo wa upande mmoja huuchambua myeyusho wenyewe. Ndiyo sababu Mjerumani Friedrich Kohlrausch, katika karne ya 19, alitumia mkondo geu. Wala mtu asithubutu kuchomeka nyaya katika umeme wa ukutani! Leo kuna vipimo vidogo vya mkononi, vile vitumiwavyo kukagua chumvi katika maji, na hivyo vyatosha. Miwani na glavu pia zisisahauliwe.

Hapa ndipo nchi yetu yenyewe inapogeuka maabara. Mchanganyiko ukiwa na moli 0.01 ya kila kimoja katika lita, kwa nyuzi 25 nusu ya kazi humalizika kwa takriban robo saa. Kwa nyuzi 15 huchukua karibu maradufu ya muda huo. Shule moja ya Timau penye baridi na nyingine ya Siakago penye joto zifanye jaribio hilo siku moja, kisha zipelekeane grafu. Kwa kuwa joto huongeza upitishaji wenyewe pia, kila shule ilinganishe vipimo vyake na mwanzo na mwisho wake yenyewe. Tofauti itakayobaki ndiyo somo.

Kisha, mwalimu, kabla ya fasili ya Kiingereza, mwache mwanafunzi aieleze grafu yake kwa Kiswahili. Wapo watakaodai kwamba lugha hii haina istilahi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi zipo, kilichokosekana ni nia ya kuzitumia. Mtihani uendelee kuwa wa Kiingereza, sigombani na hilo leo. Lakini aliyekwisha kusema kwa lugha aielewayo kwa nini mstari wake ulishuka kisha ukalegea, hatahitaji kukariri chochote. Atakuwa anatafsiri anachokijua.