SHAMBA NA BUSTANI: Weupe wa Pareto si Thamani Yake

Katika bustani za Uingereza watu hupenda kuotesha lavenda nyeupe karibu na mlango, ili kila apitaye apate harufu yake. Nyanda za juu za Meru nazo zina ua lao jeupe, ndilo pareto. Ua hili halipandwi kwa harufu wala kwa pambo, bali kwa sumu iuayo wadudu. Mtu akilitazama shambani, jinsi petali nyeupe zinavyoizunguka duara ya manjano, aweza kudhani kuwa thamani yake imo katika weupe ule. Sivyo. Sehemu kubwa kabisa ya sumu hukaa katika vijimbegu vidogo vilivyojificha chini ya ile duara ya manjano. Mkulima alielewaye jambo hilo hatadanganywa na macho yake, wala katika kuchagua miche, wala katika kuchuma.

Asili ya pareto ni pwani ya Dalmatia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Kroatia. Mmea huu uliingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, ukapandwa kwanza katika mashamba ya walowezi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Japani ndiyo iliyokuwa mbele katika biashara yake. Vita vilipokatiza biashara hiyo, Kenya ilishika nafasi ya kwanza, ikakaa nayo kwa miaka mingi. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwapanulia Waafrika njia ya kupanda mazao ya kuuza, na pareto ilikuwa miongoni mwa mazao hayo, pamoja na kahawa na chai.

Si kila shamba lifaalo kahawa litafaa pareto. Mmea huu hutaka baridi. Bila majuma kadhaa ya baridi hutoa majani mengi na maua machache. Kwa hiyo mahali pake ni penye kimo cha mita 2,000 au zaidi, kama vile pande za Kibirichia na Timau. Mwenye shamba karibu na mji wa Meru, au chini ya mji wa Embu, asipoteze mbegu zake. Hata katika sehemu za juu za Embu, ardhi iliyo kati ya kahawa na msitu imekuwa hasa ya chai. Tena pareto haivumilii maji yaliyotuama: penye tope mizizi huoza, na mmea uliokuwa kijani Jumatatu huonekana umenyauka Jumamosi.

Anayetaka kupanda mvua za Oktoba yafaa asie mbegu mwezi wa Juni. Kitalu kiwe na upana wa mita 1, ili mtu aweze kufikia katikati bila kukikanyaga, na tuta liinuliwe kiasi cha sentimita 15. Udongo ulainishwe vizuri, uchanganywe na mchanga kidogo na samadi iliyooza kabisa. Mbegu za pareto ni ndogo mno, na zikikaa sana ghalani hupoteza uhai. Basi zitafutwe mbegu za msimu wa karibuni. Zisiwe katika mistari isiyo na kina, zifunikwe kwa udongo mwembamba, kisha kwa nyasi kavu.

Kumwagilia ndiko kunakowashinda wengi. Si kwamba wanasahau, bali huzidisha. Maji yanyunyizwe kwa kopo lenye matundu madogo, asubuhi, kadiri ya kulowesha udongo tu. Miche itachomoza baada ya majuma mawili au matatu. Hapo nyasi ziondolewe juu ya tuta na kuwekwa kwenye kichanja kidogo ili kiwe kivuli. Kivuli kikiwa kizito na udongo ukiwa na maji siku zote, miche huoza shingoni na kulala chini kwa usiku mmoja. Katika mwezi wa mwisho kivuli kipunguzwe kidogo kidogo, ili miche izoee jua.

Miche ikifikisha miezi mitatu au minne huhamishiwa shambani, mvua ikiwa imeshika. Nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mche na mche yatosha. Robo eka itachukua zaidi ya miche 5,000. Kitovu cha mche, pale majani yanapoanzia, kisifukiwe. Maua ya kwanza yatatazamiwa baada ya miezi mitatu au minne mingine.

Hapa pana jambo ambalo wapandao kwa mbegu hawana budi kulijua. Ua la pareto halijichavushi lenyewe; huhitaji chavua ya mmea mwingine. Kwa sababu hiyo miche iliyotoka katika mbegu haifanani. Mmoja utajaa maua, wa pili utajaa majani, wa tatu utaanguka mvua inaponyesha. Mkulima hodari hatavunjika moyo, bali atalifanya shamba lake la kwanza kuwa mahali pa kuchagua. Ataweka kijiti kando ya kila mmea uliosimama imara na kuzaa sana, na msimu ufuatao ataung'oa, atagawanya shina lake, na kupanda vipande vile. Vipande hufuata mama yao kabisa. Basi mbegu humpa mtu aina nyingi za kuchagua, na kugawanya shina humhifadhia ile aliyoichagua.

Kuchuma nako kuna wakati wake. Ua lichumwe petali zake zikiwa zimelala bapa na mistari kadhaa ya vijiua vya manjano imefunguka. Likichumwa bado limejikunja, sumu yake ni kidogo; likiachwa hata petali zikaanguka, thamani hupungua. Mchumaji arudi shambani kila baada ya majuma mawili au matatu, wala asichume maua yenye umande. Kilo 4 za maua mabichi hutoa karibu kilo 1 ya makavu. Yasirundikwe katika gunia hata usiku mmoja, maana yatapata joto na kuharibika. Yatandazwe siku ile ile, tabaka jembamba, juu ya wavu au mkeka ulioinuliwa. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Gunia la maua meupe yaliyochumwa mapema ni mkakasi wa namna hiyo, na mpimaji wa kiwandani ataligundua, kwa kuwa malipo huangalia kiasi cha sumu pamoja na uzito.

Lililo zito kuliko yote si la kitaluni. Katika miaka ya 2000 wakulima wengi wa Kenya walipeleka maua yao wakangoja malipo ambayo yalichelewa mno; wakang'oa pareto, wakapanda viazi na mahindi. Watoto waliokuwa wakilipiwa karo kwa maua yale walikuwa wa kwanza kuonja uchungu. Sheria ya Pareto ya mwaka 2013 ilifungua mlango kwa kampuni za watu binafsi, na zao hili likaanza kuinuka tena. Lakini mlango uliofunguliwa hautoshi. Kabla ya kununua mbegu, mkulima amjue atakayenunua maua, apate mapatano yaliyoandikwa, asome siku ya kulipwa, na ahifadhi stakabadhi ya kila gunia. Wakulima wa kijiji kimoja wakipatana kwa pamoja watasikilizwa kuliko mmoja mmoja.

Mwenye robo eka pande za Kibirichia asiipande yote mwaka wa kwanza. Aanze na kitalu kimoja na mistari michache kando ya nyumba, ajifunze kumwagilia, kuchagua na kuanika, na amjaribu mnunuzi wake kwa gunia moja. Akilipwa kwa siku iliyoandikwa, vile vijiti alivyovisimika kando ya mimea bora vitamwonyesha mahali pa kupata miche ya shamba lililobaki.