Shingo ikipinda baada ya dawa ya akili: kwa nini kuacha dawa si jibu

Mgonjwa wa skizofrenia ametoka Hospitali ya Kidongo Chekundu, Unguja, akiwa ametulia. Siku ya pili shingo inapinda, taya linakaza, macho yanapanda juu. Nyumbani wengine wanasema ni jini, wengine wanasema dawa imemuharibu. Vidonge vinawekwa kabatini.

Hapo ndipo tatizo kubwa zaidi linapoanza.

Kinachotokea mwilini

Chlorpromazine ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili Ufaransa mwaka 1952. Haloperidol iligunduliwa Ubelgiji mwaka 1958. Zote hupunguza kazi ya dopamini kwenye ubongo, na sauti anazosikia mgonjwa hupungua.

Lakini dopamini hiyo hiyo ndiyo inayosaidia kuongoza misuli. Ndiyo maana shingo hukaza, mara nyingi katika siku chache za mwanzo, na zaidi kwa vijana wa kiume. Hali hii inatisha ila inatibika: sindano hospitalini huleta nafuu kwa muda mfupi, kisha daktari hupunguza dozi au hubadilisha dawa.

Wengine hutetemeka au hushindwa kukaa sehemu moja. Wanaotumia kwa miaka wanaweza kupata midomo inayojichezea yenyewe. Olanzapine haikazi sana misuli, lakini huongeza uzito na sukari, hivyo mtu apimwe.

Mtego wenyewe

Maudhi ya dawa huja haraka na kila mtu anayaona. Hasara ya kuiacha huja taratibu. Mgonjwa anaweza kukaa wiki au miezi yuko vizuri, familia ikaamini amepona, kisha ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka vile vidonge vya kabatini.

Kwa anayeishi Nungwi au Makunduchi, kufuata dawa mjini ni nauli na siku nzima ya kazi. Ndiyo maana ni vyema kumuuliza daktari kuhusu sindano inayokaa mwilini wiki kadhaa, au kama dawa inapatikana hospitali ya karibu.

Mwezi wa Ramadhani pia, usiruke dozi kimya kimya. Mwone daktari mapema: dozi nyingi zinaweza kuhamishiwa futari au daku. Na anayetumia kombe au kusomewa dua hana sababu ya kuacha vidonge.

Lini ukimbilie hospitali

Homa kali, mwili kukakamaa na kuchanganyikiwa kwa pamoja ni dharura. Usimpe dozi nyingine, mpeleke saa hiyo hiyo. Fanya hivyo pia akishindwa kumeza au kupumua vizuri.

Wakati wa joto la kaskazi, anywe maji na akae kivulini, kwa sababu dawa hizi hupunguza uwezo wa mwili kujipoza.

Kwa maudhi mengine, mrudishe kwa daktari pamoja na dawa zake. Asiongeze, asipunguze wala asiache mwenyewe.