SIMU YA STAA KUGOMA KUAPDETI: MUME KAONEWA BURE, FUNDI NDIYE KAHARIBU

Mjini maneno hayaishi, lakini hili la mwigizaji mmoja wa Bongo Movie (jina kapuni) na mumewe limevuka mpaka. Wiki nzima watu wamemkalia kooni shemeji wa watu, eti anamchunguza mkewe kupitia simu. Ushahidi wenyewe? Picha moja ya skrini aliyoirusha dada kwenye stori zake: simu mpya imegoma kuapdeti, inasema haiwezi kuangalia kama kuna toleo jipya, na juu yake kaandika kwamba humu ndani kuna mtu anambania. Basi, mashabiki wakaendesha kesi na kutoa hukumu hapohapo.

Ukweli ni kwamba mume kaonewa. Si kwamba hakugusa kitu, aligusa. Watu wa karibu na familia wanasema miezi kadhaa nyuma mtoto wao mkubwa alikutwa kwenye tableti anaangalia mambo yasiyo ya umri wake. Baba akaingia kwenye ruta ya nyumbani, akapandisha fayawoli, ule ulinzi wa kuchuja kinachoingia na kutoka, mpaka daraja la juu kabisa, na kuwasha kichujio cha watoto kwa vifaa vyote. Baba gani asingefanya hivyo?

Shida ni kwamba ruta haina macho ya kujua huyu ni mama na huyu ni mtoto. Ikiambiwa izuie kila isichokijua, inazuia kweli. Na simu inapotafuta apdeti haiendi kwenye tovuti anayoijua mtu wa kawaida. iPhone, kwa mfano, inapiga hodi kwenye anwani kama gdmf.apple.com na mesu.apple.com. Kichujio kikali kikikutana na jina kama hilo, kinafunga mlango. Matokeo yake Insta inafunguka, YouTube inacheza, WhatsApp inaita, apdeti peke yake ndiyo inakwama. Hapo lazima mtu ahisi anafanyiwa makusudi.

Kuhusu kuchunguzwa, ruta inaweza kuonyesha kifaa gani kimeingia tovuti gani, hilo lipo. Ila meseji za WhatsApp haizisomi, zimefungwa kutoka simu hadi simu. Wanaoandika kwamba mume anasoma chati za mkewe kupitia ruta wanajitungia filamu yao.

Kinachouma ni kwamba jibu lilikuwa la dakika mbili. Dada angeunganisha simu yake kwenye hotspoti ya simu nyingine, akaangalia kama apdeti inaonekana. Si lazima kupakua gigabaiti zote kwa bando la watu. Ikionekana tu, basi mkorofi ni ruta ya nyumbani. Ikigoma hata huko, anaangalia tarehe na saa ya simu, kwa sababu saa ikiwa ya uongo simu inakataa kuziamini seva, halafu anaangalia kama nafasi imebaki. Hakuna haja ya kumweka mume sokoni.

Badala yake akaitwa fundi. Fundi akafanya wanachofanya wengi: akazima fayawoli yote, akazima na kichujio, simu ikaapdeti, akalipwa akaondoka. Jamani, kitasa kimegoma halafu mtu anang'oa mlango mzima! Tena neno la siri la kuingilia kwenye ruta akaliacha lilelile la kiwandani. Mwaka 2016 kirusi kinachoitwa Mirai kilivamia kamera na ruta kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani tu, na Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo likafanya Twitter na Netflix zisifunguke kwa watu wengi Marekani. Hao hawakuvunja kitu, walikuta wazi.

Wala apdeti yenyewe si ya kupuuza, hapo dada alikuwa na haki ya kukasirika. Microsoft walitoa kiraka cha Windows Machi 2017. Mei mwaka huohuo WannaCry ikapita kwenye kompyuta ambazo hazikuwekewa, hospitali za Uingereza zikakwama na wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Kwa staa, simu ndiyo ofisi. Mikataba ya matangazo imo humo, na ukurasa wenye wafuasi kibao nao umo humo. Ukichukuliwa ukurasa huo, kuurudisha si kazi ndogo.

Fundi makini angefungua ruta kwa anwani iliyoandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1, akaangalia kumbukumbu zake kuona ni jina gani limezuiwa simu ilipojaribu, akaruhusu hilo tu. Au angeiondoa simu ya mama kwenye kundi la watoto na kuiacha tableti ya mtoto palepale. Fayawoli ikishushwa daraja la kati inatosha kwa nyumba nyingi. Na kale katundu ka kuchomeka pini kasiguswe ovyo, maana kanafuta hata mipangilio ya kampuni ya intaneti, nyumba nzima ikabaki gizani.

Mume naye ana lake, asijifiche nyuma ya lawama za mashabiki. Neno la siri la ruta ya nyumba ya watu wawili linakaaje kichwani kwa mtu mmoja, tena anayesafiri kila wiki? Hilo ndilo lililompa mkewe sababu ya kushuku. Angemwambia tu siku alipoweka, stori isingerushwa.

Mpaka juzi jioni simu ilikuwa imeshaapdeti na ile stori imefutwa. Kichujio cha mtoto bado kimezimwa.